Kafara Iliyojificha: Namna ya Kuzijaribu Programu za Sataranji

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu na wanafunzi, Mutoshi, Kolwezi

Tutazame ubao wa sataranji.

Weusi wamebaki na mfalme kwenye e6, askofu kwenye f5, na askari wanne, a4, d5, f6 na g6. Weupe wana mfalme kwenye g1, askofu kwenye c3, na askari wawili, g2 na h4. Zamu ni ya Weusi. Mchezo huu ulichezwa Linares, Hispania, mwaka 1998. Veselin Topalov wa Bulgaria alishika Weupe, Alexei Shirov akashika Weusi.

Weusi wana askari wawili zaidi, lakini tazameni maaskofu. Mmoja hutembea kwenye miraba ya giza tu, mwingine kwenye miraba ya mwanga tu; hawatakutana hata mchezo ukichezwa hadi kesho asubuhi. Mwalimu yeyote wa sataranji atawaambia kwamba katika hali hiyo hata askari wawili wa ziada mara nyingi hawatoshi, na mchezo huisha kwa sare. Katika hatua ya 47 Shirov akamchukua askofu wake, akamweka h3, mahali ambapo askari wa g2 anaweza kumla bila gharama yoyote.

Kwa nini h3? Hesabuni pamoja nami. Askari wa a4 na d5 wanamhitaji mfalme wao awasindikize. Njia yake ni kutoka e6 kwenda f5, kisha e4: hatua mbili. Mfalme mweupe anataka kuiziba njia hiyo akiwa e3, naye kutoka g1 anahitaji hatua mbili, f2 kisha e3. Kwa kuwa zamu ni ya Weusi, mfalme wao angewahi, ila mraba wa f5 umekaliwa na askofu wake mwenyewe. Askofu akijiondokea tu, hatua moja imepotea na Weupe wanawahi kuziba. Basi lazima aondoke akitishia kitu. Cha kutishia ni askari wa g2, na kutoka f5 kuna miraba miwili tu ya kumtishia, e4 na h3. Akienda e4 anasimama palepale mfalme wake anapotaka kupita. Inabaki h3.

Topalov alimla askofu, na hatua chache baadaye, mfalme mweusi alipofika b3, akakubali kushindwa. Na kama asingemla? Mfalme mweupe akija f2, mweusi anaingia f5; mweupe akisogea f3 kuziba, askofu anamla askari wa g2 huku akimtishia mfalme, analiwa, na mfalme mweusi anaingia e4 vilevile. Kwa vyovyote askofu anakufa, na kwa vyovyote njia inafunguka.

Nimechukua muda kwenye ubao huu kwa sababu kwa miaka mingi programu zilizowashinda mabingwa wa dunia zilikaa mbele yake bila kuiona hatua ya h3. Mtu aliyejifunza sataranji vizuri, akiisha kuonyeshwa, anaielewa kwa dakika tano, kama nyinyi mlivyoielewa sasa hivi. Kilichoizuia mashine ndicho nilichokuja kukizungumza.

Tuanze na kazi ya mashine yenyewe. Claude Shannon, katika makala aliyochapisha mwaka 1950, alikadiria kwamba nafasi ya kawaida ya sataranji ina hatua kama 30 zinazoruhusiwa. Weupe wakicheza na Weusi wakijibu, tuna nafasi karibu 1,000. Pande zote zikicheza mara tatu tumekaribia bilioni. Askofu wa Shirov anatolewa sasa, lakini faida yake inaonekana wazi baada ya mizunguko mingi zaidi ya hiyo mitatu. Hakuna kompyuta inayoweza kupita kila tawi la mti mkubwa namna hiyo. Kwa hiyo kila programu ya sataranji tangu zamani imejengwa juu ya uamuzi mmoja: ni matawi gani yakatwe bila kutazamwa.

Ukataji wa kwanza ni wa kina. Programu inatazama hatua kadhaa mbele, kisha inasimama na kuhesabu mali: malkia huyu, ngome ile, askari wangapi. Kilichopo mbele ya hapo hakipo kwake. Wataalamu huuita udhaifu huo athari ya upeo, jina lililotolewa na Hans Berliner mwanzoni mwa miaka ya 1970. Berliner aliyajua mambo pande zote mbili, maana alikuwa mtafiti wa kompyuta na pia aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa sataranji inayochezwa kwa barua.

Ukataji wa pili ni wa ujanja zaidi, na ndio unaoua kafara, yaani mali inayotolewa kwa makusudi ili ilete faida baadaye. Unaitwa kupita zamu, nao ulienea sana baada ya kazi ya Mwaustria Chrilly Donninger mwaka 1993. Programu inajiuliza: tuseme aliye kwenye zamu asicheze kitu, ampe mpinzani wake hatua ya bure, je, bado yuko vizuri? Akiwa bado vizuri, tawi hilo linahesabiwa kuwa limekwisha na halitazamwi zaidi. Ujanja huo unaokoa muda mwingi ajabu. Sasa urudisheni kwenye ubao wetu. Weupe wamemla askofu wa h3. Programu inasema: hata Weupe wakipita zamu, nikitazama kwa kina kifupi, bado wana askofu mzima zaidi, kwa hiyo hatua ya h3 ni kosa, tuendelee na mengine. Tishio la Weusi lilikuwepo, ila lilikuwa la polepole, na kina kifupi hakikulifikia.

Ukataji wa tatu ni wa foleni. Hatua zinazoonekana nzuri hutazamwa kwanza na kwa kina. Zinazoonekana mbaya huwekwa mwisho na kupewa jicho la juujuu. Hatua ya kutoa mali bure itawekwa wapi kwenye foleni hiyo? Mwisho kabisa.

Basi mtu akiniambia kwamba mtihani wa kafara, yaani kuipa mashine nafasi kama hii ya Shirov itafute jibu, unapima ujasiri wa mashine, au ubunifu wake, namsihi arudi kwenye haya makato matatu. Mtihani wa namna hii unapima kile ambacho waandishi wa programu waliamua mashine isikitazame. Ni kipimo cha upofu uliopangwa. Na ndiyo sababu naupenda kuliko mitihani mingine yote ya sataranji, kwa kuwa ni nadra sana kupata mlango wa kuingilia ndani ya maamuzi ambayo mtu mwingine amekwisha kuyafanya kwa niaba yako.

Mtauliza haya yanatuhusu nini sisi watu wa shaba na kobalti. Yanatuhusu kwa karibu kuliko watu wengi wanavyojua.

Upande wa Likasi kuna Shinkolobwe. Urani iliyochimbwa kule na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 zake New York mwaka 1940, ilikuja kuwa sehemu kubwa ya malighafi ya mradi wa Wamarekani wa bomu la atomu. Maabara ya mradi huo yalikuwa Los Alamos. Vita vilipokwisha, maabara hayohayo yalijenga kompyuta iliyoitwa MANIAC kwa ajili ya hesabu za mabomu makubwa zaidi, na mwaka 1956 Paul Stein, Mark Wells na wenzao wakaifundisha kucheza sataranji. Mashine ilikuwa dhaifu mno kwa ubao mzima, kwa hiyo wakapunguza ubao uwe wa miraba sita kwa sita, wakawaondoa maaskofu. Hata hivyo kila hatua iliichukua kama dakika 12. Ilicheza na mchezaji hodari aliyeipunguzia ugumu kwa kuanza bila malkia wake, ikashindwa. Ikacheza na msichana aliyekuwa amejifunza mchezo juma moja tu kabla, ikashinda.

Ushindi huo unatajwa vitabuni kama mara ya kwanza kompyuta kumshinda binadamu katika mchezo wa aina ya sataranji. Ni kweli, lakini ongezeni masharti yake: ubao mdogo, bila maaskofu, mbele ya mwanafunzi wa juma moja. Sentensi ni ileile, maana inabadilika kabisa. Kila tangazo la mashine mnalolisikia leo, la sataranji au la kitu kingine, lina masharti yake yaliyoachwa nje namna hiyo, na jasho la eneo hili letu limo ndani ya mashine hizo tangu urani ya jana hadi kobalti ya leo iliyo ndani ya betri za simu zenu. Nadhani tuna haki, tena tuna wajibu, wa kuuliza masharti.

Mitihani yenyewe ilianzaje? Mwaka 1982 Ivan Bratko na Danny Kopec walitoa nafasi 24, kila moja ya kutafutiwa jibu kwa dakika mbili, na wakawapa watu na mashine pia. Wengine walitumia nafasi 300 za kitabu cha Fred Reinfeld kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kawaida. Kufikia miaka ya 1990 programu zilikuwa zinazimaliza hizo 300 karibu zote, nyingi kwa sekunde chache tu. Mtihani ambao kila mtu anapata 298 hauwezi tena kumtofautisha mtu na mwenzake.

Hapo ndipo Mfaransa Pierre Nolot alipokusanya nafasi 11 kutoka michezo ya mabingwa, zilizochaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba ni ngumu kupita kiasi kwa mashine. Ni 11 tu, lakini kwa miaka zilikuwa ukuta. Ya kwanza inatoka Lyon, mwishoni mwa 1990, mchezo wa 20 kati ya Garry Kasparov na Anatoly Karpov walipogombea ubingwa wa dunia. Naomba niwaonyeshe vipande viwili vya mchezo huo, maana humo mtaona kafara ya kina ina sura gani.

Katika hatua ya 26 farasi wa Kasparov aliyekuwa g4 anamla askari wa h6, mbele kabisa ya mfalme mweusi aliyejificha h8. Ngome nyeusi ya e6 inaweza kumla farasi huyo mara moja. Lakini ikiondoka e6, farasi wa pili mweupe, yule wa e4, anaruka d6, na malkia mweusi aliye e8 anajikuta anashambuliwa na wawili kwa pamoja: farasi wa d6, na ngome ya e1 ambayo njia yake imefunguka. Malkia anakimbilia h5 na kutishia kumla malkia mweupe. Jibu si kukimbia. Ngome ya g3 inakwenda g5, na malkia mweupe anaachwa aliwe! Analiwa kweli, kisha farasi anamtishia mfalme kutoka f7, mfalme anakwenda g8, farasi anamla ngome wa h6 kwa tishio lingine, na askari wa g7 hawezi kumla kwa kuwa nyuma yake kuna mfalme na mbele yake kuna ngome ya g5. Baada ya hapo malkia mweusi naye analiwa. Karpov alikataa kumla farasi.

Kipande cha pili ni hatua ya 31. Kasparov amekwisha kutoa mali nyingi, ubao unawaka moto, na mfalme wake anasogea kimya kutoka g1 kwenda h2. Hakuna kilicholiwa, hakuna kilichotishiwa. Kwa nini? Farasi wa e4 amesimama kati ya ngome ya e1 na malkia mweusi wa e8. Akiruka, ngome inamshambulia malkia. Lakini mfalme akiwa g1, malkia angemla ngome wa e1 kwa kumtishia mfalme, na shambulio lote lingekatika. Mfalme akiwa h2, tishio hilo halipo. Hatua moja ya mfalme imeondoa tishio moja ambalo bado halijatokea.

Kwa programu hatua ya namna hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Hatua za kula na za kumtishia mfalme hutazamwa mbali zaidi, kwa kuwa waandishi walizitengea njia ya pekee. Hatua ya kimya iliyo katikati ya kafara haina njia ya pekee. Kwa hiyo mnapotafuta nafasi za kuijaribu programu, msidanganywe na idadi ya mali iliyotolewa. Malkia anayetolewa ili mfalme afungwe kwa hatua tatu za matishio mfululizo ni swali jepesi kwa simu yoyote. Farasi mmoja anayetolewa kwa ajili ya hatua ya kimya ya tano ni swali zito.

Sasa nije kwenye kasoro za mitihani, na hapa nitasema kwa nguvu kidogo kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika.

Mnakumbuka, au mmesoma, kwamba tarehe 11 Mei 1997, mjini New York, kompyuta Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Kasparov katika mchezo wa sita na wa mwisho, kwa hatua 19 tu, na kuchukua shindano kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Katika hatua ya nane mashine ilimtoa farasi kwenye e6. Wapo walioichukua kafara hiyo kama ushahidi kwamba mashine sasa inafikiri. Kumbe hatua hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya daftari la mashine la hatua za mwanzo. Watu waliiweka humo mapema. Deep Blue ilikuwa na uwezo wa kutazama nafasi kama milioni 200 kwa sekunde, lakini farasi yule hakutafutwa, alisomwa. Anayeijaribu programu bila kulifunga daftari lake anapima kumbukumbu ya mtu mwingine.

Kasoro ya pili ni ndugu ya hiyo. Nafasi ikishakuwa maarufu, waandishi wa programu wanairekebisha programu mpaka iipate. Shirov anapatikana, mwandishi anafurahi, na nafasi nyingine ya namna ileile isiyojulikana inabaki gizani. Yeyote aliyewahi kupeleka mzigo kwenye depo za kununulia madini za Musompo analijua jambo hili. Mashine ya Metorex ya kupimia madini inasoma kile tu kilichowekwa mbele yake. Konzi ya mawe iliyochaguliwa inatoa namba, namba inaamua bei ya gunia zima, na anayechagua konzi ndiye mwenye neno. Ndiyo maana mchimbaji anayejua kazi yake husisitiza konzi ichukuliwe mbele yake, kutoka katikati ya gunia. Nafasi za kujaribia programu nazo zichukuliwe kutoka katikati ya gunia, yaani kutoka michezo ambayo mwandishi wa programu hajaiona.

Ya tatu ni bahati. Programu inaweza kuionyesha hatua sahihi kwenye sekunde ya pili kwa sababu isiyohusika, kisha ikaiacha kwenye sekunde ya kumi. Au ikaichagua huku ikidhani kwamba mchezo ni sare. Haijapata jibu, imelipitia tu. Na ya nne ni muda na nguvu ya mashine. Simu ya leo inatatua kwa dakika moja kile ambacho kompyuta ya mezani ya 1994 ilikitafuta usiku kucha, hata kama programu haijawa na akili zaidi. Matokeo yasiyotaja kifaa na muda hayana thamani yoyote, hata yaandikwe kwa rangi gani.

Kuna jambo limebadilika sana katika miaka hii, nami siwezi kulipita. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha kazi ya AlphaZero ya kampuni ya DeepMind. Programu hiyo ilipewa sheria za sataranji tu, ikajifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, kisha ikaishinda Stockfish, programu ya mtindo wa zamani wa kutafuta na kukata matawi. Stockfish ilikuwa inatazama nafasi kama milioni 60 kwa sekunde. AlphaZero elfu 60. Mara elfu moja pungufu! Na ilitoa kafara kwa namna iliyowashangaza mabingwa: askari hapa, farasi pale, pasipo mfalme kufungwa karibuni, kwa ajili tu ya kumbana mpinzani kwa hatua 20 au 30 zinazofuata. Mtandao wake wa neva, yaani mfumo wa hesabu unaojifunza kutokana na michezo, ulikuwa umejifunza kwamba mali kwenye ubao si hesabu ya kudumu. Mwaka 2020 Stockfish nayo ikaingiza mtandao mdogo wa namna hiyo ndani yake, kwa ufundi uliobuniwa na Mjapani Yu Nasu kwa ajili ya shogi, sataranji ya kwao.

Je, basi tatizo limekwisha? Mwaka 1987 huko Brussels, Mwingereza James Plaskett aliwaonyesha mabingwa fumbo lililotungwa na Mholanzi Gijs van Breukelen, ambalo ndani yake askari anayefika mwisho lazima ageuzwe farasi badala ya malkia. Kati ya walioonyeshwa, Mikhail Tal peke yake ndiye aliyelitatua. Mwaka 2021 watafiti Shiva Maharaj, Nick Polson na Alex Turk walilitumia kuzijaribu programu mbili: Stockfish 14, inayochimba kwa kina, na Leela, iliyojengwa kwa mfano wa AlphaZero. Stockfish ililitatua baada ya kazi kubwa. Leela haikulitatua. Mtandao unaojifunza kutoka michezo mingi huwa na macho mazuri kwa mambo yanayotokea mara nyingi. Fumbo hili halifanani na mchezo wowote. Upofu umehama tu. Zamani ulikaa kwenye mikasi ya kukatia matawi, leo umekaa pia kwenye kile ambacho mtandao haukukutana nacho ulipokuwa unafundishwa. Huo wa pili ni mgumu zaidi kuuona, kwa sababu hakuna mtu aliyeuandika kwa mkono wake, na kwa maoni yangu unahitaji wajaribu wengi zaidi, wa kila mahali, siyo wachache wa London na California.

Hapa Mutoshi, kwenye mgodi ambao wazee bado wanaukumbuka kwa jina la Ruwe, kazi hii inawezekana. Stockfish ni ya bure. Programu ya DroidFish kwenye simu ina Stockfish ndani yake na haihitaji intaneti ukishaipakua, kwa hiyo hata siku zisizo na intaneti mnaweza kuendelea. Pangeni nafasi ya Shirov kama nilivyoisoma mwanzo. Zimeni daftari la hatua za mwanzo. Andikeni aina ya simu na toleo la programu. Anzeni saa. Andikeni ni sekunde ya ngapi hatua ya h3 ilipotokea, kama iliondoka na kurudi, na ni lini ilikaa moja kwa moja. Kisha andikeni programu inawapa Weusi faida kiasi gani, na kama inasema mfalme anakwenda f5 na e4. Asiyeyaandika hayo mawili ya mwisho hajafanya mtihani.

Halafu fanyeni jambo ambalo mitihani mingi ya zamani haikulifanya, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote niliyosema. Wekeni kafara za uongo. Chukueni nafasi 20: katika kumi kafara ni sahihi, katika kumi nyingine inapendeza macho lakini inashindwa kwa sababu ya jibu moja lililofichika. Mwandishi wa programu anayejua kwamba kila swali lina kafara atajenga mashine ya kutupa mali ovyo, na itapata alama nzuri. Kafara za uongo zinapatikana kwa wingi katika michezo yenu wenyewe, zile mlizozitoa kwa matumaini zikawageuka. Msizitupe hizo karatasi. Michezo ya vijana wa Mutoshi haimo katika hifadhi ya mwandishi yeyote wa programu, na hiyo ndiyo thamani yake.

Wapo watakaosema waanze na bao badala ya sataranji, nami nitawaunga mkono. Alex de Voogt aliwafuatilia mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995, na Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika kuhusu kuliprogramu bao mwaka 2002. Wazee wa bao wangekaa na walimu wa hesabu, wakachagua hatua ambazo fundi anaachia kete nyingi zichukuliwe ili mzunguko ujao uwe wake, tungekuwa na mtihani wa mchezo wa kwetu, uliothibitishwa na mafundi wa kwetu.

Swali la mwisho nawaachia walimu. Tarehe 20 Januari 1999, Wijk aan Zee, Kasparov alimtoa ngome kwenye d4 dhidi ya Topalov huyuhuyu, na mchezo ule unahesabiwa na wengi kuwa mzuri kuliko wote aliocheza. Topalov aliila ngome, na mfalme wake akafukuzwa ubao mzima hadi mwisho. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba asingeila, na mfalme wake angesogea b6, Weusi wangejitetea. Basi nafasi hiyo mtaiweka kwenye zile kumi za kweli au kumi za uongo? Programu ikikataa kuitoa ngome, mtaipa alama au mtainyima? Mimi ningetengeneza safu ya tatu, ya kafara ambazo ni sawa na hatua nyingine kwa hesabu tupu lakini zinamwachia binadamu njia moja tu ya kupona, na ningeipima programu kwa swali tofauti: je, inaijua hiyo njia moja? Najua wapo humu wasiokubali safu ya tatu. Nakaribisha hoja zao, na wenye ubao waipange nafasi ya hatua ya 24 tuanze.